Jiwe Juu ya Chungu

Jiwe lenyewe la kaburi ni zuri, sikatai. Ni la marumaru nyeusi, limesuguliwa mpaka unaona uso wako ndani yake, na herufi zimepakwa rangi ya dhahabu. Walikuwa wamelifunika kwa shuka jeupe. Josphat, mtoto wa mwisho wa Baba Elisha, alipolivuta lile shuka, watu walipiga makofi na vijana wakatoa simu kupiga picha. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kwenye kiti cha plastiki, pale wanapowekwa wazee ambao hakuna anayetaka wasimame muda mrefu. Nilivaa miwani yangu nikasoma. Juu palikuwa na jina la Baba Elisha, chini yake neno la kumshukuru Mungu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: ALIWALISHA WENGI. Nikasoma tena, nikidhani macho ndiyo yananichezea. Kisha nikahisi damu inanipanda kichwani, jambo ambalo daktari amenikataza.

Mimi ni mmoja wa hao wengi. Nilikula katika chungu cha Baba Elisha mwaka mzima, mwaka ule wa Hali ya Hatari ambao kila kijiji huku kwetu kilizungushiwa mtaro uliosimikwa miti iliyochongwa, na ninataka kueleza jinsi tulivyolishwa. Wenzangu waliobaki, ambao siku hizi tunatosha kwenye mabenchi mawili, wanaukumbuka mwaka ule kama watu wanavyokumbuka harusi. Wanasema tulipendana. Wanasema hakukuwa na changu wala chako. Julia, ambaye tulilala mkeka mmoja tukiwa wasichana, alinishika mkono pale kaburini, nyumbani kwa Josphat huku Kaaga, akaniambia, "Kagendo, maisha kama yale hatutayaona tena." Nikamjibu, "Mungu asikie." Alidhani nimekubaliana naye.

Sitaeleza tulivyofika kwa Baba Elisha. Watu walikuwa wanakimbia, kila mtu na sababu yake, na mama alikuwa na zake. Nitaanza na nyumba. Ilikuwa upande wa Timau, pembeni mwa shamba la ngano la mzungu ambaye Baba, mkuu wetu wa sala, alikuwa nyapara wake. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya mabanzi, paa la nyasi. Wanaume walilala upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili, na katikati palikuwa na jiko. Baridi ya kule huingia mpaka kwenye meno. Asubuhi ungeona mvuke unatoka midomoni mwetu tukiimba, na sote tumevaa nguo za marekani zisizo na rangi, za kitambaa kimoja, mkubwa kwa mdogo. Kulikuwa na watu wa Meru, wa Embu na wa Mbeere, kwa hiyo Baba alitaka tuombe na kuongea kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mtu yeyote pale ndani. Tulikivunja kila mtu kwa lafudhi yake. Majirani walituita Watu wa Chungu Kimoja. Walituita hivyo kwa dharau, sisi tukalipenda lile jina.

Chungu chenyewe kilitoka kwa wafinyanzi wa Tharaka, kikubwa hivi kwamba ilibidi wanawake wawili wakikumbatie ndipo kitoke motoni. Kilifunikwa kwa kifuniko cha mbao ya mwerezi, na juu ya kifuniko palikaa jiwe la mtoni, jeusi, laini. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa jiwe hilo isipokuwa Mama Debora, mke wa Baba. Na sheria ilikuwa hii: kila jioni, kabla ya jua kuzama, tuliketi kuzunguka jiko, na chungu hakikufunuliwa mpaka mtu mzima mmoja atue mzigo. Kutua mzigo ni kusema mbele ya wote kosa ulilolificha moyoni. Baba alitufundisha kwamba mtu mwenye siri akila na wenzake, chakula hugeuka sumu, tena sumu hiyo haimdhuru yeye bali humwendea mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Fikiria mama anayesikia maneno hayo huku amempakata mtoto. Mzigo wa mtoto haukuhesabiwa, kwa hiyo sisi hatukuwa na la kufanya ila kukaa, kunusa mahindi na maharage yaliyoiva, na kungoja wakubwa wakosee.

Nitampa Baba haki yake. Hakula kwa siri. Nilimchunguza sana nikiwa na njaa, kama paka anavyochunguza mlango wa stoo, na sikumwona hata siku moja akitafuna pembeni. Alikuwa mwembamba kuliko sisi sote. Alituosha miguu tuliporudi shambani, alijua jina la kila mtoto, na alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, ya chini, isiyo na haraka. Wakati ule watu walikuwa wanachukuliwa usiku na huyu na kesho na yule, na yeye alitupa mahali pa kulala bila kuulizwa tuko upande gani. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mlafi. Mlafi ningeshamsahau.

Mchana wanawake na wasichana tulichuma maua ya pareto kwa mzungu, na huko ndiko nilikojifunza jinsi nyumba yetu ilivyokuwa inaenda. Pareto huchumwa ukiwa umeinama, vikapu vimefungwa kiunoni, kwa hiyo watu huongea bila kutazamana, na mtoto aliyeinama karibu husahaulika. Mama yangu na mama yake Julia, mwanamke wa Embu aliyekuwa na kicheko cha kuwashtua ndege, walichuma mistari iliyopakana.

"Leo ni zamu ya nani?" Mama Julia aliuliza.

"Yako. Mimi nilitua jana."

"Haki mimi nimeishiwa, Mama Kagendo. Wiki hii nimeshawaonea wivu wote mpaka yule bibi kipofu."

"Basi chukua wangu. Sema ulinitukana kisimani."

"Nilikutukana vipi?"

"Chagua mwenyewe. Usiseme tu mambo ya miguu yangu, hayo yataniuma kweli."

Walicheka mpaka Mama Debora akawakoholea kutoka mbali. Ndivyo tulivyokuwa tukila. Wanawake waligawana makosa ambayo hakuna aliyeyafanya, wakayapanga kwa zamu kama watu wanavyopanga kuchota maji, ili jioni mmoja asimame, ajilaumu, Mama Debora aondoe jiwe, na watoto wapewe chakula. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo. Makosa yake yalikuwa madogo na yenye sura ya kweli: alikuwa amelala wakati wa sala, alikuwa ametamani blanketi la mwenzake. Alikuwa na sauti yake maalumu ya kutua mzigo, nyembamba kidogo, na macho ameyainamisha. Mimi na Julia tulikuwa tukiiga sauti hiyo chini ya blanketi na kucheka. Nyumba nzima ilikuwa inajua, wanaume pia. Siku hizi wenzangu wakisema tulipendana, nadhani wanayazungumzia hayo mambo ya shambani, na hapo hawajakosea. Kosa lao ni kumpa Baba Elisha sifa ya kitu ambacho mama zetu walikifanya kwa kumzunguka.

Kisha unga ukaibwa katika stoo ya mzungu. Magunia yaliondoka bila mlango kuvunjwa. Askari weupe walikuja, wale tuliowaita majoni, pamoja na homgadi, yaani watu wetu wenyewe waliopewa mikuki na kofia na serikali wawalinde wenzao na kuwachunga. Walichoma paa letu kwa mikuki wakitafuta kilichofichwa, wakamwaga nguo zetu matopeni. Walisema mtu wa nyumba hii anawalisha watu wa msituni, yaani wapiganaji waliokuwa wakipigana na serikali ya kikoloni. Mzungu akamwita Baba nje, akamwambia kwa Kiswahili chake tukisikia sote, "Wewe leta mtu. Kama hapana leta mtu, yote kwenda ndani ya mtaro." Tulijua mtaroni kukoje. Tulikuwa na jamaa huko. Walikuwa wakifunguliwa kwenda shambani muda mfupi tu kwa siku, na watoto walikuwa wakizikwa mfululizo. Sisemi Baba hakuwa na sababu ya kuogopa.

Jioni ile aliketi jikoni bila kuimba. Mama Julia akasimama, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, akasema ameficha kipande cha sabuni. Baba akatikisa kichwa.

"Keti, mama. Leo sitaki sabuni. Sitaki wivu wala matusi ya kisimani. Kuna mzigo mmoja tu humu ndani, na mwenye nao anajijua. Atautua, ndipo tule."

Basi wakati huo nikajua kwamba hata yeye alikuwa anajua. Miezi yote ile alikuwa amesikiliza makosa ya kubuni na kutufunulia chungu. Hakuna aliyesimama. Jua likazama, amri ya kutotoka nje ikaanza, tukalala bila kula. Asubuhi Mama Debora alisema chakula kilicholala bila mzigo kutuliwa ni najisi, hakiliwi na mtu. Wanaume wawili wakakibeba chungu mpaka kwenye banda la nguruwe la mzungu wakamimina. Tuliwafuata. Watoto wote tulisimama kwenye ua tukawatazama nguruwe wakila mahindi yetu na maharage yetu, na walikuwa wakipiga kelele ya furaha. Mpaka leo sili nyama ya nguruwe. Watoto wangu wanadhani ni mambo ya dini.

Mchana huo chungu kikainjikwa upya, jioni kikafunikwa tena, na asubuhi nguruwe wakala tena. Sijui ilikuwa siku ya pili au ya tatu, njaa ilinivurugia hesabu. Mdogo wangu Nkatha, aliyekuwa hajajua hata kutamka jina lake vizuri, alikuwa analia tangu mwanzo. Alilia, akanyonya pindo la nguo ya mama, akalia tena. Kisha jioni hiyo akanyamaza. Alikaa mapajani mwa mama akitazama moto bila kupepesa. Alipoacha kulia ndipo mama alipoogopa. Nilimwona akimshika shavu, akimwita, akamtekenya chini ya kidevu, na Nkatha hakugeuka. Mama akanikabidhi mtoto, akasimama, akainamisha macho.

"Ni mimi," akasema. "Nilichukua unga nikawapikia uji watu wa msituni. Niliuacha kwenye mfereji, ndani ya kibuyu changu."

Ilikuwa sauti ile ile. Ile nyembamba, ya kulala wakati wa sala, ya kutamani blanketi. Mtu yeyote mle jikoni aliyekuwa na masikio aliitambua. Tena kibuyu chetu kilikuwa kimepasuka tangu msimu wa baridi, kilikuwa kimening'inizwa juu ya kitanda cha mama tukiwekea mbegu za maharage, ambazo sheria ilikataza kuzipika nje ya chungu, na wakati wote huo mama alikuwa akiazima kibuyu cha Mama Julia. Nikamtazama Mama Julia. Alikuwa anatazama chungu. Wote walikuwa wanatazama chungu.

"Peke yako?" Baba akauliza.

"Peke yangu."

Baba akafumba macho kidogo, kisha akamwashiria mkewe. Mama Debora akaondoa jiwe. Ule mvuke uliotoka siwezi kuueleza. Watu walikuwa wanalia na kumshukuru Mungu kwa pamoja, na mikono ya watoto ilikuwa tayari. Mama alimtafunia Nkatha maharage akamtia mdomoni kidogo kidogo mpaka akaanza kumeza. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli bila kula, kwa sababu nilikuwa nimewaona majoni na mikuki ya homgadi. Mama akaniinamia sikioni. "Kula," akasema. "Imekwisha. Imeishia hapa." Aliamini hivyo. Hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza ya Baba kwa kila aliyeingia katika nyumba ile, na tuliirudia kila Jumapili: mzigo uliotuliwa mbele ya chungu haubebwi tena na mtu yeyote. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyepewa ahadi na mtu aliyemwosha miguu.

Asubuhi yake ilikuwa zamu yangu kukisugua chungu kwa majivu nyuma ya jiko. Ukuta wa mabanzi una nyufa, na nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya chungu nikisugua sehemu ya chini, kwa hiyo hawakuniona. Nilitoa kichwa tu niliposikia sauti ya mkubwa wa homgadi.

"Amesema?"

"Amesema mbele ya wote," Baba akajibu.

"Bwana DO," yaani mzungu wa serikali, mkuu wa tarafa, "atataka kuona kitu. Hicho kibuyu kiko wapi?"

Baba akasukuma kuni jikoni. Nikasikia moto ukitatarika. "Kiko juu ya kitanda chake," akasema. "Kimepasuka."

"Kilipasuka lini?"

"Kimepasuka tu."

Yule mtu akacheka. "Basi kilipasuka alipokuwa akikimbia. Hivyo itatosha. Na wengine?"

"Wengine ni safi. Mmoja, kwa ajili ya nyumba nzima. Ndivyo tulivyoongea, wewe na mimi na mzungu."

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii, na mpaka siku ile ya Kaaga sikuwahi kuyatua mbele ya chungu cha mtu. Nilikimbia mpaka shambani lakini wao walikuwa na farasi wa mzungu. Walimkuta mama ameinama katika mstari wake. Hawakumpiga, walimwambia tu afuate. Walikuwa wamemfunga kile kibuyu shingoni kwa kamba, na zile mbegu zetu za maharage zilikuwa zinamwagika kupitia ufa kila alipopiga hatua. Wanawake waliendelea kuchuma pareto. Siwezi kusema vingine, waliendelea kuchuma, na Mama Julia alikuwa anachuma majani badala ya maua. Mama aliponifikia alisema, "Nguo ya Nkatha iko juani. Usisahau kuianua." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonikasirisha kuliko mikuki. Jioni hiyo tuliketi jikoni kama kawaida. Hakuna aliyesimama. Kila mtu alikuwa ameona mzigo unakokwenda, nani angefungua mdomo tena? Hata makosa ya kisimani yalikuwa yamekauka. Tukakaa. Baba akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwambia mkewe, "Funua, watoto wale." Mama Debora akaondoa jiwe. Ikawa hivyo kesho yake, na siku zote zilizobaki za mwaka ule. Hakuna aliyetua chochote, na tulikula. Kumbe kifuniko kilikuwa kinafunguka! Kumbe kilikuwa kinaweza kufunguka siku zote, ni mkono tu uliokuwa haujatumwa. Nilikuwa msichana mdogo lakini niliketi pale nikatafuna mahindi na hiyo hesabu nikaimaliza kichwani peke yangu, na hasira niliyoipata siku ile ndiyo hii hii ninayoandikia sasa.

Baadaye dereva wa mzungu alikamatwa Nanyuki akiuza unga wa stoo. Alikuwa na ufunguo, ndiyo sababu mlango haukuvunjwa. Habari hizo zilifika nyumbani mchana, na nikamngoja Baba aende kwa DO akaseme mwanamke yule hakuwa na kosa. Alisema, "Njia za Mungu ni nyingi," akaenda kuosha watu miguu. Mama alikuwa bado hai wakati huo, kwenye kambi ya wanawake upande wa Embu. Tulipata habari za kifo chake kwa mwanamke aliyefunguliwa, aliyepita kutuletea salamu zake: ulikuwa ugonjwa wa tumbo, na walizikwa wengi pamoja. Nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu, nilikwenda Embu kupatafuta. Mzee mmoja alinionyesha shamba la mahindi, kisha akasema labda ni ng'ambo ya barabara, mahali palipojengwa shule. Nilisimama pale watoto wakicheza mpira. Mama yangu hana jiwe, si la marumaru wala la mtoni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale Kaaga, wakati Josphat alipochukua kipaza sauti. Si mtu mbaya Josphat. Alikuwa mchanga mno mwaka ule, akinyonya, na ameishi maisha yake yote akisimuliwa. Alisema nyumba ya baba yake ilikuwa na siri moja ambayo Kenya lazima iijue, kwamba akina mama wa chungu kimoja waliwalisha mashujaa wetu msituni, na mmoja wao alikiri kwa ujasiri mbele ya wakoloni ili kuwaokoa wenzake, akafia kizuizini. "Huyo ni Mama Kagendo," akasema, "na tuko na bahati, binti yake tuko naye hapa." Watu wakageuka kunitazama, wakapiga makofi. Julia alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na machozi yanamtoka. Kijana mmoja wa kamera akanisogelea, akaniita Juju, yaani bibi. "Juju, si useme tu kitu kidogo? Story ya mum yako iko poa sana." Nikamwambia nitasema wakati wa kula.

Maana walikuwa wamepika. Walikuwa wamenunua chungu kipya sokoni, kikubwa, wakapika mahindi na maharage kwa kuni kama zamani, na Josphat alikuwa amechongesha kifuniko cha mbao. Juu ya kifuniko walikuwa wameweka jiwe. Sijui nani aliwaambia habari ya jiwe, nadhani ni Julia. Wajukuu na vitukuu walikuwa wameshapanga mstari na sahani zao, jua la saa nane linawachoma. Josphat akasimama kando ya chungu akicheka, akainua mikono.

"Sasa wazee wetu, tufanye kama zamani, just kidogo! Mmoja atue mzigo, hata kama ni ya kuiba sukari, alafu tufungue. Nani anaanza?"

Watu wakacheka. Wazee kwenye mabenchi yale mawili hawakucheka. Walifanya kitu ambacho sikukitarajia: waliinamisha macho. Wote. Miaka yote ile imepita, watu wana meno ya kubandika na watoto Marekani, na shingo zao zilikuwa bado zinajua. Nikatazama watoto. Kitukuu changu Kinya, mdogo kuliko wote pale, alikuwa mbele kabisa akiwa ameikumbatia sahani kifuani kwa mikono miwili. "Juju," akaniuliza kwa sauti, "mbona hawafungui?"

Nikasimama. Magoti yangu huchukua muda lakini siku ile yalinitii. Nikaenda mpaka kwenye chungu, nikaliondoa lile jiwe. Lilikuwa la moto kwa mvuke, likaniunguza viganja.

"Dada Kagendo, ngoja kwanza," Josphat akasema. "Programu inasema..."

"Shika," nikamwambia, nikamtia jiwe mikononi. "Mama yangu hakumlisha mtu yeyote wa msituni. Aliogopa msitu hata kuokota kuni. Alisema uwongo kwa sababu mtoto wake alikuwa anakufa na njaa kando ya chakula kilichoiva, na baba yako alijua ni uwongo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimuuza. Usimfanye shujaa ili baba yako apate jiwe. Mfute kwenye hotuba yako."

Josphat alikuwa amelishika jiwe bila kujua aliweke wapi, linamchoma, analihamisha mkono huu na huu. Akawageukia wazee, kama mtu anayeomba waniambie nimezeeka vibaya. Nami niliwatazama. Nilikuwa tayari wanyamaze, walikuwa na mazoezi.

"Kibuyu kilikuwa kimepasuka," Julia akasema. Alisema chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, kikalipeleka neno mpaka barabarani. "Kilichokuwa kizima kilikuwa cha mama yangu. Tulijua. Wote tulijua, Josphat."

Ilimchukua Julia maisha yake yote kusema maneno hayo, na sikumshukuru. Labda nitamshukuru siku nyingine, nikipewa siku. Nilifunua kifuniko nikakiegemeza kwenye mguu wa meza, nikachukua upawa, nikampakulia Kinya kwanza kabisa, sahani ikajaa, kisha nikaendelea na mstari. Hakuna mtu aliyekuwa ametua kitu kwa ajili ya chakula kile. Kinya alikula sahani mbili, akaomba ya tatu akanyimwa na mama yake, na jioni tulipokuwa tunaagana alikuwa uani anaruka kamba.